Kiti Kinachotazama Ukuta

Bweni la wafanyakazi,
Chumba cha mwisho, karibu na bomba la maji.
Tarehe 9, mwezi wa pili.
Mwaka wa sita tangu nifunge begi na kuondoka nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Hujambo? Mama hajambo? Lile goti lake linamruhusu kuinuka, au bado anashika ukuta kwanza? Shangazi je, na watoto wa dada? Mimi nipo. Nakula, natembea, nalala. Yaliyobaki nitakueleza taratibu, nawe usiruke mistari kama ulivyozoea. Mwandiko wangu unaujua, niliacha shule kabla haujanyooka.

Barua hii anakuletea fundi umeme ninayekaa naye chumba kimoja. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao moja kwa moja, na njia yake inapita hapo kwetu. Mpe maji ya kuoga, mpe na mahali pa kulala. Mtu huyu amekuwa masikio yangu kwa muda mrefu bila ninyi kujua.

Kwanza nimalize suala la simu, maana najua ndilo linalowachoma. Nimesikia mama anasema nimeota mapembe. Nimesikia shangazi anasema nimeoa huku kwa siri. Simu yangu ni nzima, na mke sina. Sipokei kwa sababu nikiiweka sikioni napata sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa lililofunikwa. Najua ni mama. Najua amekasirika, maana hasira haihitaji maneno. Maneno yenyewe siyapati. Mara ya mwisho nilijibu "ndiyo, mama" na "sawa, mama" mpaka akanyamaza. Baadaye nikaja kujua alikuwa ananiuliza kwa nini sikuja kumzika baba mdogo.

Zile sauti unazorekodi na kunitumia, fundi umeme ndiye huzisikiliza. Halafu hukaa kitandani pake, uso kwa uso nami, ananirudishia neno kwa neno, nami namtazama mdomo. Ni mtu wa mzaha. Akiwa mama, hushika kiuno. Akiwa wewe, huongea bila kuvuta pumzi. Siku mama aliponiuliza kama nimemzika angali hai, swali hilo lilitoka kwenye mdomo wa mwanamume mwenye ndevu, fulana imetoboka kwapani. Tulicheka kwanza. Kisha yeye akaacha kucheka, nami nikatoka kwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sasa nije kwako. Katika sauti yako ya mwisho ulisema mambo mawili kwa pumzi moja, kama kawaida yako. Ulisema wakala amekuingiza katika kundi la katikati ya mwezi wa sita, mje kwenye kiwanda hiki hiki cha matangi, na unataka nikuombee nafasi chumba cha gundi kwa kuwa umesikia hakuna kelele. Ukasema pia, huku unacheka, kwamba ukitoka karakana ya mbao jioni masikio yanalia kama nyenje, lakini ukiamka asubuhi yamenyamaza, kwa hiyo ni uchovu tu.

Nilimwomba fundi umeme arudie hapo pa nyenje. Akarudia. Nikamwomba tena.

"Bwana Nini," akaniambia, "leo umezidi. Ni nyenje tu, si simba."

Bwana Nini ndilo jina langu huku. Wamenipa kwa sababu kila nikiambiwa jambo nauliza nini. Nimelizoea. Lakini mdogo wangu, mimi nami nilianza hivyo hivyo, na nyenje wa jioni. Wakawa wanakaa mpaka asubuhi. Siku hizi hawatoki. Ninavyokuandikia hapa wanalia, na nikilala wananilalia.

Nikueleze kazi ilivyo, maana wakala hatakueleza. Matangi yetu ya maji ni ya faiba. Unatandika kitambaa cha faiba juu ya kalibu, lile umbo la tangi, unakipaka gundi ya majimaji, unapitisha rola kutoa mapovu, unatandika kingine. Likikauka tangi linatolewa na kupelekwa chumba cha pili, ambako kingo zake husagwa kwa grenda. Humo ndimo nilimoanzia. Kompresa inanguruma ukutani, grenda zinapiga yowe zote kwa pamoja, na tangi lenyewe ni tupu ndani, kwa hiyo linaipokea kelele na kukurudishia usoni. Tulipewa vizibo vya masikio. Tulivivaa msimamizi akiwapo, tukavitia mfukoni akipa mgongo, maana masikio yalitoka jasho na kuwasha.

Humo hamna mtu anayeongea kwa sauti. Tunaongea kwa mikono na kwa midomo. Kushika kola maana yake msimamizi anakuja. Kugonga kifundo cha mkono ni saa ya kula. Ukikaa miaka miwili humo unaweza kujua mtu anakutukana kutoka upande wa pili wa uwanja, na ukamrudishia tusi lake bila yeyote kati yenu kutoa sauti. Tulijivuna kwa hilo. Makarani walikuwa wakitushangaa dirishani kama watu wanaoangalia ngoma. Kumbe kujivuna huko ndiko kulikotuficha. Mtu alipoanza kupoteza masikio hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwa kuwa macho yalikuwa yameshachukua kazi.

Mwaka wa tatu nikaomba kuhamia chumba cha gundi. Nilijiona mjanja. Kule kuna kimya, ukilinganisha. Nikavitupa vizibo. Chumba kina harufu moja tamu, inakukaba koo siku za mwanzo, halafu unaacha kuisikia. Jioni tunanawa mikono mpaka viwiko kwa thina ndani ya ndoo, maana sabuni haitoi gundi. Ukipanda basi watu wanasogea. Kichwa kinakuwa chepesi kama umepiga bia mbili, na wenzangu walikuwa wakisema hayo ndiyo marupurupu.

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Kila mwaka kiwanda hutupima masikio. Kuna kibanda kidogo chenye dirisha la kioo. Unakaa ndani, unavaa hedifoni, mpimaji anakaa nje na mashine yake. Anakuletea sauti nyembamba, nyingine ndogo kama mbu aliye chumba cha jirani. Ukisikia unabonyeza kitufe. Kazi yake ni kukamata ubovu mapema, kabla mwenyewe hujautambua, ili uondolewe penye kelele ungali na kitu cha kuokoa. Hayo sikuyajua wakati huo. Tulichojua sisi ni kwamba anayeshindwa anarudishwa kwao.

Kwa hiyo kulikuwa na mafunzo. Kila mgeni aliyeingia kiwandani, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, alifundishwa na Mzee Kibiriti. Huyu alikuwa mkongwe wa wasagaji, muda wote ana njiti ya kibiriti menoni. Alikuwa anakukalisha juu ya ndoo, yeye anasimama mbele yako.

"Usingoje sauti," anasema. "Sauti itakuchelewesha. Tazama bega lake la kulia kwenye kioo. Bega likishuka ameleta sauti, nawe bonyeza. Umeelewa, au nikuchoree?"

Tukaelewa wote. Kwa watu tuliozoea kusomana midomo kelele ikiwa imetanda, bega la mtu lilikuwa kama bango la barabarani. Nilipita mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mpimaji wa zamani alikuwa anatusifu. Makarani walikutwa na kasoro hapa na pale, wasagaji hatukuwa hata na doa. Tulitoka kibandani tunagongana mabega kwa kicheko.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, Mzee Kibiriti alikuwa anavuka uwanja kwenda kunywa chai. Foklifti ilikuwa inarudi nyuma na mzigo, dereva haoni. Honi ililia mpaka makarani wakatoka nje. Sisi tulimpungia mikono, lakini alikuwa ametupa mgongo. Aliendelea kutembea, anachokonoa meno, hana habari. Hakufa. Mguu ndio haukupona, wakamrudisha kwao kwa machela. Alipodai haki yake aliambiwa vipimo vyake vyote vinaonyesha anasikia vizuri, kwa hiyo alizembea mwenyewe. Tungesema nini, kwamba ni yeye aliyetufundisha?

Baada ya hapo kiwanda kikaleta mpimaji mwingine. Mwanamke mfupi, mpole, wa makamo, anavaa kandambili kazini. Siku ya kwanza hakupima mtu. Alikaa nasi kantini, anakula taratibu, anatuangalia. Nadhani aliona jinsi tunavyoinua vichwa wote mtu anapofungua mdomo. Kesho yake tulipojipanga foleni tukamkuta anakivuta kiti cha kibandani. Akakigeuza kikatazama ukuta.

Foleni nzima ilipoa. Mmoja nyuma yangu alisema kwa midomo tu, "Tumekwisha." Mwingine akamwomba mama yule, kwa heshima zote, akirudishe kiti, eti yeye akiangalia ukuta anapata kizunguzungu.

"Fumba macho," akamjibu.

Zamu yangu ilipofika niliingia, nikakaa, nikavaa hedifoni, nikautazama ukuta. Una rangi ya krimu, na karibu na kona kuna kucha za mtu zimekwaruza. Nikangoja. Nikawasikia nyenje wangu, basi. Nikadhani mashine imeharibika. Nikadhani ametoka kwenda kuzungumza na mtu. Nilisikia sauti chache, zile nene, kama mtu anagonga debe mbali. Halafu nikasikia kimya, nikangoja, nikaanza kubonyeza ovyo ovyo tu ili ionekane nipo. Jasho lilinitoka kama niko kwenye grenda. Alipofungua mlango akaja akasimama mbele yangu, akainama kidogo ili nimwone mdomo. Kwa hilo tu nikajua ameshajua.

"Nimeleta sauti nyingi sana, kaka," alisema. "Ulikuwa unanisikia kwa macho tangu lini?"

Nikamjibu, "Nini?" Si kwa mzaha. Mdomo ulizoea.

Alinieleza bila kunificha. Sikio la kulia limekwenda, la kushoto limebaki nusu, na hiyo nusu nayo iko njiani. Akasema kinachokwenda kwanza ni sauti nyembamba: filimbi, ndege, watoto, simu. Kwa kuwa nene unazisikia bado, unajidanganya kuwa u mzima. Akaniuliza kuhusu chumba cha gundi na thina ya ndoo. Nikamwambia huko ndiko nilikokimbilia kupumzisha masikio. Akatikisa kichwa. Akasema harufu ile na thina ile vinaingia kwa pua na kwa ngozi, vinakwenda na damu mpaka ndani ya sikio, na vikikutana na kelele vinaharibu kuliko kelele ikiwa peke yake. Grenda ziko upande wa pili wa ukuta wa bati, nami nilishavua vizibo. Nilimuuliza pua na sikio vina undugu gani. Akasema undugu wa karibu kuliko nionavyo.

Nikamuuliza dawa. Akasema kilichokwenda hakirudi. Angenipima hivyo mwaka wa pili, angeiona alama ya mwanzo, ningehamishwa, na leo ningekuwa naongea na mama kwenye simu. Alisema hivyo kwa upole, lakini alisema.

Unadhani tulifanya nini baada ya hapo? Wote walioshindwa walikaa chini ya paa la baiskeli, wakazungumza kwa mikono mpaka chai ikapoa. Nilidhani watadai wahamishwe, au vile vifuniko vizuri vya masikio tunavyoviona kwa wageni wanaokuja kukagua. Walichokubaliana ni kwenda kwa msimamizi kuomba kiti kirudishwe kilivyokuwa. Walisema mama yule anawaharibia riziki. Nami nilikwenda nao, mdogo wangu. Nilisimama katikati. Msimamizi alitusikiliza kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Wiki iliyofuata mama wa kandambili hakuonekana. Yule wa zamani amerudi, kiti kinatazama kioo, na walioshindwa wamerudia kipimo na kupita. Sasa kiwanda hakina mgonjwa hata mmoja.

Mimi sikurudia. Sina ushujaa wa kukutajia. Nilichoka tu kutazama mabega ya watu. Kwa hiyo mkataba wangu hautaongezwa, wameshaniambia. Fundi umeme akiondoka kesho, sijui nani atanikalia mbele anisemee maneno yenu. Usinitumie tena sauti. Niandikie.

Sasa ombi langu. Pale karakanani unasimama kwenye mashine ya randa asubuhi, na mchana unapuliza vanishi kwenye kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Ni mambo yale yale mawili niliyokuwa nayo mimi. Nenda hospitali kubwa ukapimwe masikio. Nenda asubuhi, siku ambayo jana yake hukufanya kazi, masikio yawe yamepumzika. Wataje vyote viwili, kelele na vanishi, maana wasipoambiwa wataandika kelele tu. Wakikukalisha mbele ya kioo, geuza kiti mwenyewe. Na wakikukuta na kasoro ndogo, hiyo si aibu wala mwisho wa kazi. Hiyo ndiyo bahati ambayo mimi niliibonyeza ikapita.

Wala usije huku. Nafasi ya chumba cha gundi sitakuombea. Ukija kwa nguvu zako, wiki ya kwanza utakalishwa juu ya ndoo. Mzee Kibiriti hayupo, lakini wapo wengi aliowafundisha.

Nimeandika yote haya na moyo wangu unaniambia hutakwenda kupimwa. Ningekuwa wewe, nisingekwenda. Nyumba inavuja, mama anahitaji dawa, na nyenje wa jioni hawaumi. Ni kijana gani anaacha safari kwa sababu ya nyenje? Ungeniandikia wewe barua kama hii mwaka ule, ningesema kaka amechoka, anataka ajali ya mwenziwe iwe sababu. Kwa hiyo sikulaumu. Nimekata tamaa kabla hujanijibu, nisamehe kwa hilo.

Mama mwambie ukweli, lakini akishakula, na umkalishe. Mwambie sijamzika. Mwambie akiongea nami atanisamehe nikimtazama mdomo sana, maana najua hapendi kukodolewa macho. Msalimie shangazi, mwambie mke hayupo. Msalimie dada na shemeji, na watoto wao, hasa yule wa mwisho ambaye sauti yake nimeisikia kupitia ndevu za fundi umeme tu. Mjomba mpe pole ya mifugo. Mungu awafunike nyote, akulindie wewe ulichonacho kichwani.

Ninatarajia kufika wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, kwa basi la asubuhi. Kundi lako linaondoka katikati ya mwezi huo, kwa hiyo tutakuwa na siku chache. Nakuomba hizo tu. Usije kunipokea stendi. Utanikuta nyumbani, nimekaa kwenye kiti cha baba, nimekigeuza kinatazama ukuta. Ingia pole pole, usimame nyuma yangu, uniite kama ulivyokuwa ukiniita tukiwa wadogo, kwa sauti yako yote ya Kasuku. Nikigeuka, nenda na wakala, nitakubebea begi mwenyewe. Nisipogeuka, usije mbele haraka. Kaa hapo hapo nyuma yangu kidogo, uangalie.

Kaka yako akupendaye, asikie asisikie.